Samaki Anayevuliwa kwa Manyoya

Bila shaka umewahi kuona watoto wakivua mtoni. Huchimba nyungunyungu, humtia kwenye ndoana, kisha husubiri. Lakini yuko samaki ambaye watu humvua kwa manyoya ya kuku. Anaitwa trauti.

Trauti asili yake ni nchi za baridi. Mwaka 1905 mayai yake yaliletwa Kenya kutoka Scotland, yakatiwa katika mto Gura. Huku kwetu, wakati wa utawala wa Waingereza, trauti walitiwa katika vijito vya Mufindi na mto Kiwira. Huko Ulaya trauti wengine huenda baharini, na watu huwavua wakiwa wamesimama ufukweni. Usimtafute Dar es Salaam. Bahari yetu ina joto mno.

Trauti hupenda kula wadudu wanaoelea. Kwa hiyo mvuvi hufunga manyoya kwa uzi juu ya ndoana ndogo, mpaka ifanane na mdudu. Kenya wako watu, wengi wao wanawake, wanaofunga ndoana hizo kwa mikono na kuziuza ng'ambo.

Ndoana hiyo ni nyepesi sana. Huwezi kuirusha kama jiwe. Kinachoibeba ni uzito wa mshipi wenyewe, ambao ni mnene. Mvuvi huupeleka mshipi nyuma kwa ufito, hungoja unyooke, ndipo huurusha mbele. Ndoana hutua taratibu, kama mdudu aliyechoka. Mwenye haraka mshipi humwangukia miguuni.

Sasa sikiliza jambo linalotuhusu sisi wa Kihesa. Maji yakipita digrii 20 trauti hudhoofika. Yakipita 25 hufa. Miti ya kando ya kijito ikikatwa, jua hupiga maji. Udongo wa mashamba ukiingia mtoni, hufunika changarawe anamotagia, na mayai hukosa hewa. Anayevua kwa utupa huua hata vifaranga.

Vijito vya Mufindi hulisha Ruaha Mdogo, mto unaoupa mji wa Iringa maji. Trauti akitoweka juu kule, tope liko njiani kuja kwetu.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza kulima ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Ni sheria ngumu kwa mwenye kinyungu, maana mboga za kiangazi hutoka humo humo bondeni. Hata hivyo, ukingoni pa maji acha miti ya asili isimame. Usipande mikaratusi hapo. Hunywa maji mengi.