Hadhi ya ushauri Umoja wa Mataifa si muhuri wa uaminifu

MASHIRIKA mengi yasiyo ya kiserikali hupenda kujitangaza kwa maneno mazito kwamba "yanatambuliwa na Umoja wa Mataifa". Mwananchi anayeyasoma maneno hayo kwenye bango au barua hudhani kuwa shirika hilo ni tawi la Umoja huo, na kwamba mchango wake uko katika mikono salama. Je, utambulisho huo una maana gani hasa?

Asili yake ni kifungu cha 71 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1945. Kifungu hicho kinaliruhusu Baraza la Kiuchumi na Kijamii kushauriana na mashirika yasiyo ya kiserikali kuhusu masuala yaliyo chini ya mamlaka yake. Huo ndio msingi wa kile kinachoitwa hadhi ya ushauri. Katika miaka ya 1940 mashirika yaliyokuwa nayo yalikuwa 41 tu. Leo yamepita 6,000.

Utaratibu unaofuatwa uliwekwa na azimio la Baraza hilo la mwaka 1996, nao una ngazi tatu. Hadhi ya jumla hupewa mashirika makubwa ya kimataifa ambayo kazi zao zinagusa sehemu kubwa ya shughuli za Baraza. Haya yanaweza kupendekeza ajenda, kuhutubia vikao na kuwasilisha taarifa ya maneno yasiyozidi 2,000. Hadhi maalum ni ya yale yaliyobobea katika nyanja chache, na taarifa zao kwa Baraza hazipiti maneno 500. Ngazi ya tatu ni orodha ya mashirika ambayo mchango wao huhitajika mara mojamoja.

Kwa hivyo, hadhi hii ni ruhusa ya kuingia ukumbini na kusikika. Haileti kura, kwani kura ni ya serikali wanachama pekee. Haileti fedha wala haki ya kutumia nembo ya Umoja wa Mataifa, ambayo inalindwa na azimio la Baraza Kuu la mwaka 1946.

Hata hivyo, kusikika si jambo dogo. Wakenya walijionea hayo mwaka 1985, Nairobi ilipoandaa kongamano la dunia kuhusu wanawake. Wajumbe wa serikali walipokuwa wakijadiliana, maelfu ya wanawake kutoka mashirika ya kiraia walikutana katika Chuo Kikuu cha Nairobi na kuyazungumza mengi ambayo serikali zao zilisita kuyagusa.

Mlango huo wa kusikika hulindwa na kamati ya nchi 19, zikiwemo tano za Afrika. Shirika linaloomba lazima liwe limedumu kwa angalau miaka miwili, liwe na katiba na lieleze linakopata fedha. Baadaye, mashirika ya ngazi mbili za juu hutoa ripoti kila baada ya miaka minne, na yanayokosa kufanya hivyo husimamishwa, kisha huondolewa.

Tatizo ni kuwa wanaoamua ni wanasiasa wa mataifa, na nchi moja inaweza kuchelewesha ombi kwa kuuliza maswali mapya kila kikao. Mtandao wa kimataifa unaowatetea watu wa tabaka la Dalit, wanaobaguliwa hasa Asia Kusini, uliomba mwaka 2007. Ulikubaliwa Desemba 2022, baada ya miaka 15. Mwaka 2016 kamati hiyo ililikataa ombi la Committee to Protect Journalists, shirika la kutetea wanahabari, na Baraza lenyewe likabatilisha uamuzi huo miezi miwili baadaye.

Ni wazi basi kwamba shirika linaweza kukosa hadhi hii kwa sababu ya kuikera serikali fulani. Vilevile linaweza kuipata kwa kuwa karatasi zake zimepangika, kwani kamati husoma nyaraka, haitumi wakaguzi vijijini kuona kama kisima kilichotajwa kwenye ripoti kilichimbwa kweli.

Mwananchi afanye nini? Kwanza, alitafute jina la shirika katika orodha ya Umoja wa Mataifa, ambayo iko wazi kwenye intaneti. Pili, athibitishe usajili wake nchini chini ya Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya mwaka 2013, iliyoanza kutekelezwa Mei 2024 na kuchukua nafasi ya ile ya 1990. Tatu, na hili ndilo kubwa zaidi, aulize hesabu za fedha na aione kazi yenyewe kwa macho. Shirika lenye kazi ya kuonyesha halitakasirishwa na maswali hayo. Litakalokasirika na kuanza kutaja New York, wahenga walishalisema: debe tupu haliachi kuvuma.