Kiungo cha Waya na Chumvi ya Pwani

Wengi wetu tukaao mwambaoni, tangu paneli za jua zilipoanza kuenea juu ya mapaa ya Lamu, Pemba na Mafia, tumeshika dhana kwamba umeme wa volti 12, maadamu mtu akiugusa haumdhuru, hauhitaji hadhari; na kwa dhana hiyo nyaya husokotwa kwa vidole, zikazungushiwa utepe wa plastiki, zikaachiwa mvua ya masika na upepo wa kusi uliojaa chumvi. Kinyume chake ndicho sahihi, nami nasema hivi bila ya kusita: kadiri volti zinavyopungua, ndivyo kiungo kinavyotaka uangalifu zaidi.

Waya wa shaba wenye unene wa milimita mraba 1.5, ukienda mita 10 kutoka kwenye betri hadi kwenye jokofu dogo na kurudi, huku ukibeba ampea 5, hupoteza kiasi cha volti 1.2, hasara ambayo katika umeme wa volti 230 haidhihiriki, ilhali hapa ni sehemu moja katika kumi. Kiungo kikisha kuota kutu ya kijani, hasara huzidi, taa hufifia, na mwenye nyumba huilaumu betri akanunua nyingine bure. Aidha kiungo kilicholegea hupata joto, wala makuti hayaulizi volti ngapi.

Maji hayaishii kwenye kiungo. Hunyonywa baina ya nyuzi za shaba mithili ya mafuta katika utambi, yakaila waya ndani ya ganda lake mahali jicho lisipofika. Walilijua hilo waliolaza baharini waya wa telegrafu kati ya Unguja na Aden mwaka 1879, wakauvika utomvu mgumu wa miti ya Malaya.

Basi shaba na ikwanguliwe hata ing'are, isokotwe barabara, ilehemiwe kwa risasi yenye ulimbo, kamwe si kwa tindikali ya mafundi bomba. Mpira unaosinyaa kwa moto, wenye gundi ndani, uvishwe kabla ya kuunga. Silikoni inukayo siki iepukwe, kwani asidi yake huila shaba. Na kisanduku kikiwapo, waya uingilie chini, ukiwa umepindwa kwanza, ili maji yaufuatayo yadondoke kabla ya kufika tunduni.