Duka Lipo Simuni, Mbona Hatununui?

Mama mpendwa, ukiingia dukani ukakuta bei hazikuandikwa, bidhaa zimewekwa juu usikofikia, na muuzaji anasema lugha usiyoijua, utafanya nini? Bila shaka utatoka uende duka la jirani, wala hutajilaumu. Lakini duka la namna hiyo likiwa ndani ya simu, wengi wetu hujilaumu wenyewe. "Mimi sikusoma." "Hayo ni mambo ya vijana." Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo hili, kwa kuwa sisi wenyewe limetugharimu.

Tunaishi Kakola, kando ya mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu, mkoani Shinyanga. Tangu mgodi ulipoanza uzalishaji mwaka 2001, watu wamekuja huku kutoka kila upande, na akina mama hawakosi la kuuza. Kikundi chetu cha kanisani hushona sare za shule. Pia hufunga vifurushi vya mama anayekaribia kujifungua: kanga, beseni, pamba, mpira wa kutandika na nguo za mtoto. Tulikopa fedha kwenye VICOBA, tukanunua vitambaa, na sehemu tukampa kijana mmoja atutengenezee duka la kwenye intaneti, ili hata mama wa Segese au Kahama aweze kuagiza.

Duka lilipendeza kweli. Lakini miezi mitatu ikapita tukapata oda moja tu, nayo haikulipiwa. Siku ya marejesho ikafika. Wanakikundi wakaanza kunung'unika, na waume wengine wakauliza fedha imekwenda wapi. Kijana wetu alikuwa na jibu: "Wateja wa huku hawajazoea intaneti." Nasi tulikaribia kumwamini.

Bahasha ya dawa

Tuliokuwa wauguzi katika kikundi tulikumbuka jambo. Zamani, kwenye zahanati moja, tulikuwa tukiandika "1 x 3" juu ya bahasha ya dawa, tukampa mama aende zake. Siku moja mama alirudi akiwa ameshamaliza vidonge vya siku tano kwa siku mbili. Tulimfokea. Baadaye mwenzetu mkubwa alituuliza swali moja: "Je, mlimwuliza amesoma nini hapo?" Hatukumwuliza. Kosa lilikuwa la bahasha, wala si la mama. Tangu hapo tulijifunza kusema, "Hebu nieleze, ukifika nyumbani utakunywaje dawa hii?"

Basi tukajiuliza: duka letu limeandikwa kama bahasha ile? Na mgonjwa hatumwulizi "hujambo" tukamwacha. Tunampima joto, tunasikiliza kifua. Duka nalo lipimwe.

Tulivyolipima

Upimaji huu hauhitaji fedha nyingi. Mtaalamu mmoja wa mambo haya, Jakob Nielsen, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kuonyesha sehemu kubwa ya kasoro za tovuti. Alishauri urekebishe, kisha upime tena na wengine. Tuliwaomba akina mama watano wasio wa kikundi chetu, kila mmoja na simu yake, tukawanunulia bando. Tukawapa kazi moja: "Nunua shati la mtoto wa darasa la kwanza, lipelekwe Segese."

Sharti lilikuwa moja: sisi tunyamaze. Hili lilikuwa gumu kuliko yote. Kijana wetu alikaa pembeni, na kila mama alipokwama alitaka kurukia, "Bonyeza pale!" Ilibidi tumshike mkono. Mteja aliye nyumbani kwake hana wa kumwambia abonyeze wapi.

Tuliandika mambo matatu tu: Je, amefika mwisho? Amekwama wapi, na kwa muda gani? Mwisho amejisikiaje? Kati ya watano, aliyefika mwisho alikuwa mmoja.

Tuliyoyaona

Mama wa kwanza alisubiri picha zifunguke hadi akaiweka simu chini. Picha zilikuwa nzito mno, na bando lilikuwa linaisha bila yeye kuona kitu.

Wa pili alichagua shati vizuri, akafika kwenye kitufe cha kulipia. Kilikuwa kimeandikwa kwa Kiingereza, "Checkout". Mama huyu aliwahi kufanya kazi nyumba ya wageni, na huko neno hilo ni mgeni kuondoka. "Nikibonyeza hapa si nitatoka?" akasema, akarudi nyuma. Tulikuwa tumemfukuza mteja kwa neno moja.

Wa tatu alikuta saizi za herufi, S na M. Yeye anamjua mwanawe kwa umri na kwa kumpima kwa futi ya fundi. Alikisia, akakosea.

Wa nne alidaiwa barua pepe na jina la mtaa. Barua pepe hana. Mizigo yake yote hufika kwa gari la abiria, naye huifuata stendi. Pa kuandika jambo hilo hapakuwapo.

Wa tano alifika mwisho, akaona namba ya simu bila jina na maneno "Tuma fedha kwenye namba hii". Akaweka simu mezani. "Hawa ndio wale matapeli," alisema. Nani kati yetu hajapokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii"? Yule mmoja aliyemaliza alituambia kuwa asingetuma fedha yake halisi.

Kijana wetu alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe nililitengeneza kwa ajili yangu."

Marekebisho

Picha zilipunguzwa uzito. Vitufe vikaandikwa "Weka kikapuni" na "Lipia". Saizi zikawekwa kwa umri na sentimeta. Badala ya barua pepe tukauliza namba ya simu na "Mzigo tuushushe wapi?" Nauli ya mzigo ikaandikwa mwanzoni, karibu na bei. Kwenye malipo tukaweka namba pamoja na jina litakalotokea kabla ya mteja kuingiza namba ya siri, ili likitofautiana aache.

Tukawaita wengine watano. Safari hii wanne walifika mwisho. Hatukutajirika, na marejesho ya kwanza tuliyalipa kwa kuchangishana. Lakini oda zilianza kuja, na deni linapungua.

Neno kwa muuzaji na mnunuzi

Mama unayeuza, usiwaulize rafiki zako, "Duka langu zuri?" Watakusifu tu. Mpe mama mmoja kazi ya kununua kitu, kisha ufunge mdomo na kutazama. Mchague hata bibi mwenye simu ndogo iliyopasuka kioo.

Mama unayenunua, usijidharau. Ukikwama, mpigie muuzaji umweleze ulipokwama, utakuwa umemsaidia. Tena una haki yako. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015 inamtaka anayeuza kwa njia hii aeleze jina lake, anwani yake, namna ya kumpata, gharama na masharti. Duka lisilo na hayo, funga ukurasa.

Yule mama wa "Checkout" sasa hununua kwetu mara kwa mara. Wiki iliyopita alimwagizia binti yake kifurushi cha kujifungulia, akatuonyesha simu akicheka: "Leo sikuuliza mtu."