Sura ya 9: Saratani Ipi, Mbwa Yupi

Mwenye mbwa akitajiwa saratani, maswali mawili humtoka kwa mpigo: atapona, na ni shilingi ngapi? Ni maswali ya haki, ila yamewahi mno. Daktari wa mifugo hawezi kuyajibu kabla uvimbe haujapata jina, kwa sababu saratani za mbwa hazilingani. Ipo inayokwisha kwa sindano chache, na ipo inayorudi hata baada ya akiba yote ya mwenye mbwa kuteketea. Kwa hiyo anayepaswa kuamua aanze na jina la ugonjwa, aulize tiba yake inaleta nini, kisha amtazame mbwa mwenyewe na nyumba anayoishi.

Jina kabla ya tiba

Kwa kawaida daktari huchoma uvimbe kwa sindano nyembamba, akavuta seli, akazipaka kwenye kioo na kuzitazama kwa hadubini. Ni kazi ya dakika chache, na mara nyingi haihitaji dawa ya usingizi. Jibu lisipopatikana, hukatwa kipande cha nyama kikapelekwa maabara. Jina likishajulikana hufuata swali la pili: ugonjwa umefika wapi? Hapo ndipo huja vipimo vya damu, eksirei ya kifua, ultrasaundi ya tumbo na sampuli ya tezi za limfu zilizo karibu.

Wengi huiruka hatua hii ili kupunguza gharama, na mara nyingine hasara yake huwa kubwa kuliko bei ya kipimo. Chukua mbwa aliyevimba tezi chini ya taya, mbele ya mabega na nyuma ya magoti. Akipewa predinisoloni, dawa ya kupunguza uvimbe, tezi hunywea ndani ya siku chache na nyumba nzima ikashukuru. Ikiwa ni limfoma, yaani saratani ya tezi za limfu, dawa hiyo peke yake imeua seli zilizo dhaifu na kuacha zilizo sugu, na imeweza pia kuvuruga sampuli itakayochukuliwa baadaye. Mbwa wa namna hii akianza tiba kamili, matumaini yake ni madogo kuliko ya yule aliyeanza bila kuguswa. Kabla ya kukubali sindano au kidonge cha kupunguza uvimbe, uliza: "Daktari, dawa hii haitatuharibia kipimo?"

Saratani inayopona

Katika miji na vijiji vya Afrika Mashariki, mbwa wengi hufungiwa mchana na kufunguliwa usiku walinde, na usiku huohuo hukutana na wenzao. Hapo huenea uvimbe wa zinaa wa mbwa. Mwenye mbwa huona matone ya damu, akadhani jike yuko kwenye joto au dume kaumia. Akichungulia, anakuta nyama nyekundu yenye umbo la koliflawa kwenye sehemu za siri, na wakati mwingine puani au mdomoni, maana mbwa hunusana na kulambana.

Ugonjwa huu hauletwi na kirusi. Kinachohama ni seli za saratani zenyewe, zikiwa hai, kutoka mwili mmoja hadi mwingine. Mwaka 1876, daktari wa mifugo wa Urusi, Mstislav Novinsky, alifaulu kuupandikiza kutoka mbwa mmoja hadi mwingine. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kuwa seli zote hizi zilizotapakaa duniani zinatokana na mnyama mmoja aliyeishi Asia kati ya miaka 4,000 na 8,500 iliyopita. Mnyama huyo alikufa kale. Saratani yake bado inatembea.

Pamoja na sura yake ya kutisha, huu ni miongoni mwa uvimbe unaotibika vizuri zaidi. Dawa yake ni vinkristini, ambayo chanzo chake ni mmea wa maua ya waridi na meupe wenye asili ya Madagaska, uliozoeleka kama pambo la bustani. Hutolewa kwenye mshipa mara moja kwa wiki, kwa kawaida wiki 4 hadi 6, na mbwa walio wengi hupona kabisa. Ni dawa ya zamani, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na hospitali zinazotibu saratani za binadamu huitumia. Ila haitaki mkono wa kubahatisha: ikivuja nje ya mshipa, huozesha nyama. Kumlaza mbwa kwa ajili ya ugonjwa huu, eti kwa kuwa umeitwa saratani, ni kumuua mgonjwa ambaye pengine angepona kwa mwezi mmoja na nusu.

Saratani zinazoongezewa muda

Limfoma ni habari nyingine. Isipotibiwa, mbwa wengi hawamalizi miezi miwili. Tiba inayotumika sana huchanganya dawa nne, yaani saiklofosfamidi, doksorubisini, vinkristini na predinisoloni, kwa muda wa miezi mitano hivi. Katika aina ya limfoma iliyo ya kawaida zaidi, mbwa 8 au 9 kati ya 10 hupata nafuu kubwa: tezi hurudi kawaida, hamu ya chakula ikarudi. Hata hivyo ugonjwa karibu kila mara hurejea, na muda wa kuishi huwa takribani mwaka mmoja. Kwa limfoma, basi, unalipia mwaka. Daktari mkweli atakwambia hivyo kabla hujatoa fedha.

Saratani ya mfupa, osteosakoma, hupenda mbwa wakubwa, wakiwamo Rottweiler wanaotegemewa kwa ulinzi. Mguu uliougua huuma kupita kiasi, na kuukata ndiyo njia ya hakika ya kuondoa maumivu hayo. Wenye mbwa hushtuka kusikia hivyo, lakini mbwa mwenye miguu mitatu iliyo mizima hujifunza kukimbia upesi. Tatizo ni kwamba mara nyingi seli huwa zimekwishafika mapafuni zikiwa hazionekani bado kwenye eksirei. Kukata mguu peke yake huleta miezi minne au mitano kwa wastani. Kukiongezewa kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, miezi kumi hadi kumi na miwili.

Uvimbe wa matiti, kwa upande mwingine, ni suala la kisu zaidi. Karibu nusu yake si saratani, na uliokatwa ukiwa mdogo una matumaini mazuri. Asiyekawia hapa hujipunguzia uamuzi mzito.

Mbwa hana Desemba

Mgonjwa binadamu huvumilia kichefuchefu cha leo kwa sababu anaijua harusi ya bintiye ya Desemba. Mbwa hana Desemba. Ana leo: chakula kilichomshinda, au mkia unaotikisika geti likifunguliwa. Hatuwezi kumwomba ateseke sasa kwa ajili ya kesho asiyoijua.

Kwa sababu hiyo tiba yenyewe imepangwa tofauti. Kwa kawaida dozi za mbwa hazisukumwi hadi ukali unaokubalika kwa watu, kwa kuwa lengo la kwanza ni maisha mazuri. Baadhi ya mbwa hutapika au kuharisha siku mbili tatu kisha wakaendelea na shughuli zao. Wachache hupungukiwa na chembe nyeupe za damu, wakapata homa inayohitaji daktari siku hiyohiyo. Manyoya hayapukutiki kwa wengi, isipokuwa aina kama Poodle, ambao manyoya yao hukua bila kukoma.

Nyumba nayo ni mgonjwa

Tiba ya wiki ishirini, kama ile ya limfoma, inahitaji mtu wa kumpeleka mbwa kliniki kila mara, na mbwa anayekubali kushikwa. Mbwa mkali aliyelelewa bandani, anayefungwa mdomo na kushikiliwa na watu watatu kila sindano, anagharimika kwa namna isiyoandikwa kwenye risiti.

Dawa za kemo hutoka kupitia mkojo na kinyesi kwa siku kadhaa. Mara nyingi anayesafisha banda ni mlinzi au dada wa kazi. Lazima aambiwe, apewe glavu, na akiwa mjamzito asiguse kabisa.

Na fedha zikigongana na ada ya shule, ada ishinde bila aibu. Kukataa kemo si ukatili. Ukatili ni kumwacha mnyama na maumivu kwa hoja kwamba hatukumudu tiba kubwa. Zipo dawa za maumivu zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa. Ibuprofeni na diklofenaki za kabatini kwako si miongoni mwake, kwani humtoboa tumbo na kuharibu figo.

Weka mpaka kabla ya kuanza

Makosa mengi hufanyika katikati ya safari, si mwanzoni. Mtu aliyekwishalipa sindano tano huona uchungu kusimamisha ya sita. Kubalianeni na daktari mapema: ni dalili gani itaonyesha dawa imeshindwa, na baada ya hapo tutafanya nini?

Kipimo kizuri cha nyumbani kilibuniwa na daktari wa mifugo Mmarekani, Alice Villalobos. Hutoa alama 0 hadi 10 kwa mambo saba: maumivu yanavyodhibitiwa, hamu ya kula, maji mwilini, usafi, furaha, mwendo, na kama siku njema zinazidi mbaya. Jumla ikizidi 35, kuendelea kunaeleweka. Ikishuka wiki hadi wiki, wakati wa kumlaza umekaribia. Sindano ya mwisho ni dawa ya usingizi kwa kiwango kikubwa: mbwa hulala kwanza, ndipo moyo husimama. Ni bora ifanyike Jumatano kwa utulivu kuliko usiku wa Jumapili akihema kwa shida.

Andika mipaka mliyokubaliana kwenye kadi yake ya chanjo, na namba ya simu ya daktari kando yake, ili hata ukiwa safarini, aliyebaki nyumbani ajue la kufanya.