Baba Mkubwa Amenona, Lakini Je, Amepona?

Mwezi huu kwenye ukurasa wa afya tunawaomba baba zetu wasogee karibu. Mama zetu nao wasiondoke, maana ndio wanaoshika mwiko. Tutaongea juu ya kansa ya tezi dume, ile ambayo wengi wetu tuliotoka Kongo tunaiita prostati, na juu ya chakula, mazoezi na uzito wa mwanaume anayetibiwa ugonjwa huo. Mimi si daktari, ni mwalimu wa kujitolea tu. Haya niliyajua kwa sababu ya baba mkubwa wangu, naye amekubali niyaandike bila kumtaja jina.

Mwaka jana baba mkubwa alianza kunona. Kwa sisi tuliofika hapa Uganda tukiwa mifupa na ngozi, kunona ni habari njema. Pale bombani wamama walikuwa wanamwambia mama mkubwa, "Mzee wako amepona! Tazama mashavu!" Mwenyewe alikuwa anacheka, anajipiga tumbo kama ngoma. Alikuwa amemaliza miezi 9 ya sindano.

Siku ya kurudi kwa daktari mjini, muuguzi akampandisha kwenye mzani: kilo 76. Kabla ya matibabu alikuwa na kilo 65. Wakapima damu, sukari iko juu. Wakapima presha, nayo iko juu. Daktari akaongea Kiingereza, mimi nikatafsiri: "Kansa imetulia. Sasa ni hili tumbo linalonitia wasiwasi."

Baba mkubwa akaniangalia kama vile nimetafsiri vibaya.

ILIANZAJE?

Ilianza na kuamka usiku. Mara mbili, mara nne, mara tano. Na mnajua choo zetu ziko mbali na nyumba, na usiku hakuna taa. Mzee akawa anaamka, anasimama nje muda mrefu, mkojo unatoka kidogo kidogo, anarudi kulala bila amani. Akasema ni uzee. Alikaa hivyo karibu mwaka mzima bila kumwambia mtu, mpaka kiuno kikaanza kumuuma.

Kule hospitali walihitaji mtu wa kutafsiri, nikaenda mimi. Jamani, ilikuwa ngumu. Mimi mtoto wake, ndiyo nimuulize mambo ya mkojo na ya kitandani? Nikaanza kuzungukazunguka maneno. Mzee akaona ninavyohangaika, akaniambia, "Mwanangu, tukiwa humu ndani wewe si mtoto. Wewe ni mdomo wangu. Sema yote." Tangu siku hiyo nikasema yote.

TEZI DUME NI NINI?

Ni tezi ndogo, kama ndimu ndogo hivi, iliyo chini ya kibofu cha mkojo. Njia ya mkojo inapita katikati yake. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji ya mbegu za kiume. Mwanaume akizeeka tezi hii inavimba, na mara nyingi uvimbe huo si kansa. Ila dalili zinafanana, na kansa ikiwa changa inaweza isioneshe dalili yoyote. Kwa hiyo kubahatisha nyumbani haifai, ni lazima kupimwa.

Mwaka 2022 wanaume karibu milioni 1.5 duniani waligunduliwa kuwa na kansa hii, na karibu laki 4 walikufa nayo. Walio katika hatari zaidi ni wenye umri mkubwa, wale ambao baba au ndugu yao aliugua, na sisi watu weusi.

KWA NINI SINDANO INALETA TUMBO?

Kansa hii inalishwa na homoni ya kiume inayoitwa testosteroni. Jambo hili lilioneshwa mwaka 1941 na daktari mmoja huko Marekani, Charles Huggins, na mwaka 1966 akapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Alionesha kwamba ukiishusha homoni ile, kansa inarudi nyuma. Mpaka leo wagonjwa wengi ambao kansa yao imesambaa wanatibiwa kwa njia hiyo: ama sindano, ama vidonge, ama upasuaji wa kuondoa korodani.

Lakini homoni hiyohiyo ndiyo inayojenga misuli ya mwanaume na kulinda mifupa yake. Ikishuka, misuli inapungua na mafuta yanaongezeka, hasa tumboni. Mifupa inakuwa myepesi kuvunjika. Sukari na presha zinaweza kupanda, na moyo unaingia hatarini. Kuna joto la ghafla, uchovu, matiti kuvimba, na hamu ya tendo la ndoa kuisha.

Kwa hiyo ule unono wa bombani haukuwa afya. Mikono na mapaja yake yalikuwa yamekonda, tumbo ndilo lililokuwa limejaa. Na mwanaume anaweza kuokolewa na kansa, halafu akachukuliwa na moyo.

Tulipofika nyumbani, mzee alikaa kimya. Jioni akamwita mama mkubwa na mimi, akasema, "Sindano hii imenifanya mwanamke na imenipa tumbo. Sirudi tena." Ndugu wasomaji, hapo ndipo niliogopa kweli. Kuacha sindano ni kumfungulia adui mlango. Mama mkubwa ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini: "Mimi sikuolewa na homoni. Niliolewa na wewe. Tumbo tutalipunguza, ila wewe uwepo." Mzee hakujibu kitu. Lakini tarehe ya sindano ilipofika, alivaa viatu vyake mapema kuliko mimi.

KUPUNGUA NI KUZURI KWA NANI?

Hapa tuelewane vizuri. Tunaongelea mtu mwenye uzito uliozidi. Hapa kambini tuna wanaume wa aina mbili, na wasichanganywe.

Wa kwanza ni kama baba mkubwa: anatibiwa kwa homoni, tumbo linaongezeka, mshipi unahamia tundu la mbele. Huyu apunguze polepole, nusu kilo kwa juma inatosha.

Wa pili ni yule anayekonda bila kutaka. Chakula hakipandi, nguo zinamwanguka. Huyu asipunguzwe hata kidogo! Kukonda bila sababu ni dalili ya kupelekwa kwa daktari haraka. Yeye anahitaji kula kidogo kidogo mara nyingi: uji wenye unga wa soya na karanga, mayai yakipatikana, na mafuta aongezewe.

Kuna mzee wa upande wetu aliambiwa eti ajinyime chakula ili kansa ife njaa. Akaacha ugali na maharagwe, akawa anakunywa maji ya majani tu. Kansa haikufa njaa, aliyelegea ni yeye, na misuli aliyoipoteza hajairudisha mpaka leo. Msidanganyike.

SAHANI YA KAMBINI

Mtaniuliza, "Mwalimu, mgao wenyewe hautoshi, unatuambia kuchagua chakula?" Ni kweli. Lakini hata kidogo tulicho nacho kinaweza kupangwa. Sisi tulifanya hivi.

Ugali ulipunguzwa, maharagwe yakaongezwa. Maharagwe yanashibisha muda mrefu, yanasaidia misuli, na hayapandishi sukari kwa haraka. Mboga ikawa haikosi: dodo (sisi tunaita lengalenga), majani ya maboga, sombe. Dodo inaota hata kwenye gunia la udongo mlangoni. Mukene, ndugu yake ndagala wetu wa Tanganyika, tunaila nzima na mifupa yake, maana ndimo ilimo kalisi ya kuimarisha mifupa. Nyanya tunazipika na mafuta kidogo.

Mafuta ndiyo yalileta vita. Mama mkubwa alikuwa anamimina kwa jicho. Sasa anapima kwa kijiko. Chumvi pia: Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja kidogo cha chai, pamoja na ile iliyomo ndani ya chakula. Sukari ya chai ilitoka vijiko 4 ikafika kimoja. Soda na mandazi ya kila asubuhi yakaachwa, na kanyanga ikakatazwa kabisa. Sigara vilevile. Mgonjwa wa tezi dume anayevuta yuko hatarini zaidi kuliko asiyevuta.

Shida nyingine ilikuwa sahani yenyewe. Sisi tuko watu 9 na tunakula pamoja. Mama mkubwa alipompakulia mzee peke yake, alikataa kula: "Mimi si mgeni katika nyumba yangu." Basi mama akaamua nyumba nzima ile kama mzee. Watoto walinung'unika juma moja, halafu wakazoea. Ila tahadhari: watoto wadogo wanaokua wasipunguziwe mafuta wala ugali wao. Wao wanaongezewa.

VIPI VIDONGE VYA VITAMINI NA DAWA ZA KICHUPA?

Sokoni kuna watu wanauza vidonge na vichupa "vya kusafisha prostati". Sikilizeni hili. Mwaka 2001 huko Amerika ya Kaskazini ulianza utafiti wa wanaume zaidi ya 35,000, kuona kama vitamini E na madini ya seleni vinazuia kansa hii. Matokeo yaliyotoka mwaka 2011 yalikuwa kinyume: waliomeza vitamini E peke yake walipata kansa ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi ya waliomeza vidonge visivyo na dawa. Pesa yako inunue maharagwe.

Tuseme ukweli wote. Mwaka 2020 ulitoka utafiti mwingine wa wanaume 478 wenye kansa changa. Nusu yao walihimizwa kula mboga nyingi kwa miaka 2. Mboga hazikuizuia kansa kuendelea. Kwa hiyo chakula kizuri kinalinda moyo, sukari na nguvu zako, lakini hakichukui nafasi ya sindano. Anayekuambia dodo inaponya kansa, anakudanganya.

MZEE ANATEMBEA BILA SAFARI

Kwa mazoezi, ushauri wa Shirika la Afya Duniani kwa watu wazima ni dakika 150 kwa juma au zaidi, yaani nusu saa kwa siku 5. Mwendo uwe wa haraka kiasi: unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Tena siku 2 za kuimarisha misuli. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2011 uliofuata wanaume 1,455 wenye kansa ya tezi dume. Waliotembea kwa haraka saa 3 au zaidi kwa juma, kansa yao iliendelea kwa asilimia 57 pungufu kuliko waliotembea polepole na kwa muda mfupi. Utafiti wa namna hii hauthibitishi kila kitu, ila kutembea hakuuzwi.

Siku za kwanza vijana walimcheka: "Mzee anatembea bila safari!" Akaona aibu, akataka kuacha. Nikamwambia, "Baba mkubwa, safari ipo. Nisaidie kuleta watoto shuleni." Sasa kila asubuhi anapita nyumba kwa nyumba, anakusanya watoto wadogo wa darasa la kwanza, anawaleta mpaka mlangoni pangu. Wanaochelewa wamepungua, na yeye amepata dakika zake.

Jioni anafanya haya matatu: kukaa na kusimama kwenye kigoda mara 10 bila kushika kitu, kusukuma ukuta kwa mikono miwili mara 10, na kunyanyua kijerekani cha lita 3 kila mkono. Halafu anasimama kwa mguu mmoja, mkono ukiwa karibu na nguzo, ili asizoee kuyumba. Kuanguka ni hatari kwa mifupa iliyolegea.

TAHADHARI: kama kansa imefika kwenye mifupa, muulize daktari kwanza kabla ya kubeba mzigo, kulima au kufanya mazoezi yoyote mapya. Na mgonjwa akipata maumivu makali mapya ya mgongo, miguu ikaishiwa nguvu au kufa ganzi, au mkojo ukakataa ghafla, msingoje kesho. Hiyo ni dharura.

LEO YUKO WAPI?

Baada ya miezi 7, mzani ulisoma kilo 70. Mshipi umerudi nyuma matundu mawili. Sukari imeshuka, presha imeshuka, ingawa bado anameza vidonge vyake. Joto la ghafla bado linamsumbua usiku. Hajawa kijana, wala hajaambiwa amepona. Lakini anaenda kwenye sindano zake bila kusukumwa.

Baba zetu, ukiwa na miaka 50, au hata 45 kama baba au ndugu yako aliugua, muulize mganga wa kituo cha afya juu ya kipimo cha damu kinachoitwa PSA. Ukiamka usiku mara nyingi, mkojo ukikwama au ukiwa na damu, sema mapema. Na ninyi vijana wenzangu, mzee akihitaji mdomo wa kumsemea kwa daktari, msikimbie. Aibu ni ya dakika tano tu.

Asubuhi ya leo, ninapoandika haya, mzee amefika mlangoni na watoto 11. Akanihesabia mmoja mmoja, akageuka kurudi. Nikamuuliza kama amechoka. Akasema, "Mwalimu, fundisha. Mimi bado nina njia ya kurudi."

Tuonane mwezi ujao. Tunzeni afya zenu.