Mota tatu kwa arbuni ya dola mia

Usiku wa tarehe 21 Novemba 2019, karibu na Los Angeles nchini Marekani, kampuni ya Tesla iliwaonyesha watu pikapu yake ya umeme, Cybertruck, na papo hapo ikafungua daftari la kuandikisha majina ya wanunuzi. Arbuni ilikuwa dola 100 tu, na mwenye kughairi alirudishiwa fedha yake.

Mwenye kujiandikisha alitakiwa achague moja katika magari matatu. La kwanza lilikuwa na mota moja ya kuzungusha magurudumu ya nyuma, masafa ya kilomita 400 kwa kuchajiwa mara moja, bei dola 39,900. La pili lilikuwa na mota mbili, kilomita 480, dola 49,900. La tatu mota tatu, kilomita 800, dola 69,900. Ndugu wasomaji wakumbuke kwamba siku hiyo hapakuwa na gari hata moja lililokwisha kuundwa kwa ajili ya kuuzwa. Wavuvi wetu wangesema kwamba samaki alikuwa bado yumo baharini, na bei yake imekwisha kutajwa.

Siku mbili baadaye mkuu wa kampuni hiyo, Elon Musk, alitangaza kwamba walioandikisha wamefika 146,000. Katika mia, 42 walichagua mota mbili, 41 walichagua mota tatu, na 17 tu ndio walioridhika na mota moja. Tunaziweka tarakimu hizi mbele ya wasomaji kwa makusudi. Arbuni ya gari la dola 39,900 ilikuwa sawasawa na arbuni ya gari la dola 69,900. Mtu aulizwapo anataka nini, na asilipe zaidi kwa kutaka zaidi, hujibu kwa matamanio yake. Hesabu ya haja huiacha mpaka siku ya kulipa. Hatuwalaumu. Na sisi tungeulizwa hivyo, pengine tungezitaka mota zote tatu.

Lakini hebu tulitazame jambo lenyewe, kwani hapa pana mchanganyo ambao umewapoteza wengi. Mota na masafa ni vitu viwili mbalimbali. Mota ndiyo nguvu: ikiwa moja, husukuma magurudumu ya nyuma, zikiwa mbili, moja hushika mbele na moja nyuma, na gari hupata kushika njia penye tope na mchanga, ikiongezwa ya tatu, linalopatikana aghalabu ni wepesi wa kuondoka kutoka kusimama. Masafa hutoka katika betri. Ukubwa wa betri, uzito wa gari, umbo lake mbele ya upepo, na mwendo wa dereva, hayo ndiyo yanayoamua gari litafika wapi. Betri nayo ni mzigo. Pikapu ya umeme ya GMC Hummer ina uzito unaozidi kilo 4,000, na katika hizo betri peke yake ni kilo zipatazo 1,300. Sehemu ya umeme wake hutumika kuibeba betri yenyewe.

Sasa katika daftari lile la mwaka 2019 vitu hivyo viwili vilifungwa kwa kamba moja. Mkulima au fundi aliyetaka kwenda mbali, asiwe na haja ya kushindana na magari ya mbio, hakuwekewa gari la mota moja lenye kilomita 800. Ilimbidi anunue mota tatu ili apate betri. Kwa maoni yetu hilo ndilo lililokuwa kosa kubwa la daftari lile, kubwa kuliko bei.

Kampuni ya Ford ilipofungua daftari lake mwezi Mei 2021, kwa ajili ya pikapu ya F-150 Lightning, ilifuata njia iliyo wazi zaidi. Magari yote yalikuwa na mota mbili, na mnunuzi akachagua betri: ya kawaida, yenye kilomita zipatazo 370, au kubwa, yenye kilomita zipatazo 515. Ni kweli kwamba betri kubwa ilileta na nguvu zaidi, kwa kuwa huweza kutoa umeme mwingi kwa mara moja. Walakini mnunuzi alijua analipia nini.

Yaliyowafika walioandikisha majina yao kwa Tesla yafaa yasimuliwe kwa utaratibu. Magari ya kwanza yalikabidhiwa tarehe 30 Novemba 2023, miaka minne baada ya onyesho lile. La mota mbili sasa lilikuwa dola 79,990, na kampuni ikalikadiria kilomita 547. La mota tatu lilifika dola 99,990, na makadirio yake yalikuwa kilomita 515. Kumbe wale 41 katika mia, waliochagua mota ya tatu ili wafike mbali, wangelipa dola 20,000 zaidi na kufika karibu zaidi! Kwa aliyezililia kilomita zake, kampuni iliahidi betri ya ziada ya dola 16,000, ya kufungwa nyuma ya gari na kula takriban theluthi moja ya nafasi ya mizigo. Mwezi Mei 2025 ahadi hiyo nayo ilifutwa, na arbuni zikarudishwa.

Na lile gari la mota moja, la mtu wa kazi? Liliuzwa hatimaye mwezi Aprili 2025, kwa dola 69,990. Msomaji atalinganisha mwenyewe: ni bei ileile, ikizidi kwa dola 90 tu, iliyotajwa mwaka 2019 kwa gari la mota tatu. Baada ya miezi michache likaondolewa sokoni.

Tesla haikuwa peke yake. Kampuni ya Rivian ilikuwa imeandikisha watu kwa arbuni ya dola 1,000. Tarehe 1 Machi 2022 iliipandisha pikapu yake ya mota nne kutoka dola 67,500 hadi dola 79,500, pamoja na wale waliokwisha kujiandikisha zamani. Aliyetaka kubaki na bei yake aliambiwa achukue mota mbili na betri ndogo, naye asubiri hadi mwaka 2024. Zilipigwa kelele nyingi. Siku mbili baadaye mkuu wake, RJ Scaringe, aliomba radhi na kuwarudishia watu wa zamani bei yao. Tunalisifu hilo, ijapokuwa lilihitaji kelele.

Liko jambo ambalo makaratasi ya wauzaji hulitaja kwa sauti ndogo. Masafa yanayotangazwa ni ya gari tupu. Pikapu hununuliwa ili ibebe na ivute, na tela refu lililojaa huweza kuyapunguza masafa hadi nusu, na pengine kupita nusu, kwa sababu ya kupambana na upepo. Baridi kali ya kaskazini mwa Marekani hupunguza tena. Basi anayevuta mzigo kila wiki na apime kilomita 515 kama 250. Huyo ndiye mwenye haki ya kulipia betri kubwa, na wengi wa waliobaki hawana safari ya kuijaza.

Huenda mwananchi wa Unguja au Pemba akauliza yamhusu nini haya. Yanamhusu, na yanamhusu zaidi afisa atakayeletewa mezani makaratasi ya magari ya umeme ayatie sahihi. Kisiwa cha Unguja hakifiki kilomita 100 kwa urefu, na Pemba ni kifupi zaidi. Gari linalokwenda kilomita 400 litakwenda Nungwi na kurudi mjini mara tatu bila kuchajiwa. Kwa hiyo tarakimu ya masafa, iliyowatoa jasho watu wa Texas, kwetu si hoja ya kwanza.

Hoja yetu imo chini ya bahari. Umeme wetu hutoka bara kwa waya uliolazwa mkondoni, nasi tunakumbuka mwaka 2008, Unguja ilipokaa karibu mwezi mzima bila umeme, na tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Waya mpya ulilazwa mwaka 2013 na hali ikawa nafuu. Hata hivyo, kwa gari la hospitali au la kubebea barafu ya wavuvi, betri kubwa hapa ipimwe kwa siku: gari litafanya kazi siku ngapi umeme ukikatika? Mota ya pili tungeikubali kwa ajili ya mchanga na njia za mashamba wakati wa masika. Ya tatu tungemuuliza mwenye kuiomba anaharakia wapi, na jibu lake tungelitaka kwa maandishi, kabla arbuni haijatoka.