Kwa Nini Panya Huongezeka Upesi?

Mkulima wa Chamwino au Kongwa anapanda mahindi mwezi wa Desemba, mvua inapoanza. Baada ya siku chache anakwenda shambani kutazama. Anakuta vishimo vidogo, kimoja baada ya kingine, vimefuata mstari sawasawa. Mbegu hakuna. Panya amefukua.

Inabidi kupanda tena. Lakini huku kwetu Dodoma mvua ni ya msimu mmoja tu, na kwa mwaka mzima hupata kama milimita 500 au 600. Anayepanda mara ya pili ananunua mbegu mara mbili, na mimea yake inaweza kukutwa na jua kabla haijakomaa. Kwa hiyo habari ya panya ni habari ya chakula cha nyumbani.

Mwaka panya wakizidi, watu husema mengi. Wengine husema wameletwa na upepo. Wengine husema wametumwa na adui. Sisi tunasema kwamba panya hao wamezaliwa hapa hapa kijijini. Basi tutazame wanavyopandana, wanavyoshika mimba na wanavyozaa. Wafugaji wataelewa upesi, maana mambo haya wanayajua kwa ng'ombe na mbuzi.

Panya wanaotusumbua zaidi ni wa aina mbili. Yuko panya wa nyumbani, mwenye mkia mrefu kupita mwili wake. Huyu ni hodari wa kupanda, naye hukaa juu ya dari na katika paa la tembe. Yuko pia panya shamba, ambaye ni mdogo kidogo. Huyu hukaa katika mashimo ya shambani na vichakani, ingawa baada ya mavuno huweza kuhamia ndani.

Ng'ombe asiyeshika mimba hupata joto kila baada ya siku 21 hivi. Panya wa nyumbani hupata joto kila baada ya siku nne au tano, na joto lenyewe ni la usiku mmoja tu. Usiku huo ndio tunaosikia mbio juu ya dari. Jike hukimbia kidogo, kisha husimama ghafla. Masikio yake hutetemeka upesi upesi. Dume akimfikia, jike hubonyeza mgongo chini na kuinua sehemu ya nyuma. Dume humpanda kwa muda wa nukta chache tu, akashuka, akarudia tena na tena. Tena jike hupandwa na madume zaidi ya mmoja. Wataalamu waliopima panya shamba wa Morogoro wameona kwamba watoto wa tumbo moja wanaweza kuwa na baba mbalimbali. Kwa hiyo kuua dume mmoja hakuzuii uzazi.

Mimba ya ng'ombe ni miezi tisa, na ya mbuzi ni mitano. Mimba ya panya ni wiki tatu na siku chache. Panya shamba huzaa siku ya 23 hivi. Wiki mbili za kwanza huwezi kujua kwa macho kama ana mimba. Tumbo hutokeza ubavuni wiki ya tatu, na ndipo anapokusanya majani makavu, matambara, makaratasi na nyuzi za magunia ili kutengeneza kiota. Ukiona gunia limetafunwa na vipande vimebebwa, wakati nafaka iliyo ndani haikuguswa sana, ujue yuko jike anayejiandaa.

Watoto huzaliwa bila manyoya, wekundu, macho yamefumba. Macho hufumbuka baada ya wiki mbili hivi, na wiki ya tatu huanza kuacha kunyonya. Panya shamba huzaa kwa wastani watoto 11 hivi kwa mara moja. Tusishangae, maana mbuzi ana chuchu mbili, ng'ombe nne, na panya shamba anaweza kuwa na chuchu 24!

Liko na jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Jike huweza kupandwa tena muda mfupi tu baada ya kuzaa, siku ile ile. Yaani ananyonyesha watoto hawa huku wengine wako tumboni.

Sasa tufanye hesabu kidogo, mchukue kalamu. Jike mmoja wa panya shamba amepandwa mwanzoni mwa Machi. Anazaa mwisho wa Machi, mwisho wa Aprili, mwisho wa Mei na mwisho wa Juni. Mara nne, watoto 11 kila mara, ni 44. Katika wale 11 wa kwanza, tuseme majike ni watano. Mvua ikiwa nzuri na chakula kingi, majike hao nao wanaweza kuzaa wakiwa na umri wa miezi mitatu hivi. Watano mara 11 ni 55. Jumla ni 99, ukiongeza baba na mama ni 101. Hiyo ni hesabu ya karatasi, ndiyo. Bundi, nyoka, paka na njaa hupunguza wengi. Hata hivyo unaona jinsi panya wawili wa Machi wanavyoweza kujaza shamba kufikia Julai.

Mbona basi hawazidi kila mwaka? Panya shamba hazai mwaka mzima. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, wamemchunguza kwa miaka mingi. Wameona kwamba uzazi wake hufuata mvua. Majani mabichi yakichipua, na mbegu za nyasi zikaanza kupatikana, ndipo majike hushika mimba. Kiangazi kikiendelea huacha kuzaa, na wengi hufa. Mwaka ambao mvua inaanza mapema na kuwa nyingi, uzazi nao huanza mapema, na hapo ndipo hatari ilipo.

Si kila panya yuko hivyo. Panya buku, yule mkubwa mwenye mifuko mashavuni, huzaa watoto wachache, mara nyingi wanne hivi, na mimba yake ni ya mwezi mmoja hivi. Pale Morogoro shirika la APOPO humzalisha na kumfundisha kunusa mabomu ya ardhini na makohozi ya kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, aliyefanya kazi Kambodia, alipewa nishani ya dhahabu mwaka 2020. Huko Ulaya wapo hata watu wanaofuga panya ndani kwa mapenzi tu. Wao nao wanajua kwamba dume na jike wakikaa kizimba kimoja usiku mmoja, wiki tatu baadaye kizimba kinajaa. Lakini sisi tuliopanda mahindi, mapenzi hayo tuyaache kwanza.

Wakati mzuri wa kuwatega ni mwisho wa kiangazi, Oktoba na Novemba, kabla ya kupanda. Panya wakati huo ni wachache, nao ndio watakaofukua mbegu na kuzaa mvua ikija. Jike mmoja ukimuua Novemba, umeua na ukoo wake. Wengi wetu hungoja mpaka Juni, tunapoona magunia yametobolewa. Fyekeni pia nyasi za mipakani, na mtege wote kwa siku zile zile. Ukitega peke yako, panya wa shamba la jirani watahamia kwako. Karanga zilizotwangwa na pumba ni chambo kizuri. Kilindo au ghala likae juu ya miguu ya kama mita moja, kila mguu uvishwe kofia ya bati.

Panya aliyenaswa msimshike kwa mkono mtupu. Mgeuzeni kwa kijiti. Akiwa jike, na chuchu zimetokeza huku manyoya kando yake yamepukutika, ananyonyesha. Kiota kiko karibu, kitafuteni siku hiyo hiyo. Kama mama yu hai na mmekigusa kiota mkakiacha, usiku atawahamisha watoto kwa mdomo, mmoja mmoja.

Kisha mzikeni au mchomeni. Viroboto humwacha panya aliyekufa na kutafuta mwingine wa kumnyonya, hata mtu. Ndivyo tauni inavyoambukizwa. Wilayani Lushoto ugonjwa huo ulizuka mwaka 1980, ukawa unarudi kwa zaidi ya miaka 20. Mkiona panya wanajifia ovyo bila mtego wala sumu, msiwaguse. Pelekeni habari zahanati siku hiyo hiyo. Na mtu akipata homa kali pamoja na mtoki kinenani au kwapani asingoje kesho, maana tauni inatibika kwa dawa ikiwahiwa.